Goti la Kijana ni la Nani?



Kijana mmoja wa chuo hapa Arusha alinijia jioni akichechemea. Alikuwa akicheza mpira kwa ajili ya chuo chake. Alipogeuka ghafula alisikia kitu kikialika ndani ya goti, na kabla ya usiku goti likavimba. Wenziwe wakamwambia, "Lifunge kitambaa, fainali ni Jumamosi." Mjomba wake akamwambia, "Ukapasuliwe kesho, tuyamalize." Naye akaniuliza, "Mchungaji, nimsikilize nani?"

Wazee wetu walisema, Haraka haraka haina baraka. Tena walisema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu aweza kudhani maneno hayo yapingana. Lakini goti latufundisha kwamba yote mawili ni kweli, kila moja kwa wakati wake.

Ndani ya goti mna kano ipitayo mshazari, nayo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Tena mna vipande viwili vya gegedu, mfano wa mwezi mwandamo, vipunguzavyo mshindo wa mifupa. Kano hiyo ikikatika, waganga wa hospitali waweza kuweka mahali pake kano nyingine iliyotwaliwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Lakini goti likipasuliwa lingali limevimba, laweza kukakamaa hata baadaye. Kwa hiyo mara nyingi husubiri majuma kadhaa, mpaka uvimbe upungue, mguu unyoke, na paja lipate nguvu kwa mazoezi. Wala si wote wapaswao kupasuliwa. Huko Sweden waganga waliwachunguza watu 121 walioumia hivyo, wakatoa habari zao mwaka 2010: katika watu 59 walioanzishiwa mazoezi kwanza, ni 23 tu waliotengenezwa kano kwa kupasuliwa katika miaka 2 ya kwanza.

Basi, kungoja ni hekima? Ndiyo, kwa mtu anayetibiwa. Bali yeye afungaye kitambaa na kurudi uwanjani hangoji, anaahirisha tu. Goti lisilo na kano huponyoka tena na tena, na kila liponyokapo laweza kuchana gegedu, nayo haiponi kwa urahisi. Tena goti likikwama lisinyoke, au mguu chini yake ukiwa wa baridi na kufa ganzi, aende hospitali siku ile ile. Na hata aliyepasuliwa vema asifanye haraka kurudi mchezoni. Kabla ya miezi 9 hatari ya kuumia tena ni kubwa zaidi.

Hivyo swali la kijana si la uganga tu. Swali ni hili: saa ya goti yapangwa na nani? Wenziwe walipanga kwa kikombe, mjomba alipanga kwa hofu. Wala hakuna aliyeliuliza goti lenyewe. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nasi si mali yetu wenyewe. Ikiwa mimi si mali yangu, basi si mali ya timu pia.

Labda mtu atasema, "Je, si upendo kujitoa kwa ajili ya wenzako?" Ni upendo kweli. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Hapa wenziwe walitoa goti lisilo lao. Kikombe hukaa kabatini, bali kijana huyu atapanda na kushuka miteremko ya Meru miaka mingi, akiwa na mkungu wa ndizi wa mama yake begani.

Jumamosi ile alikaa nje ya uwanja. Chuo chake kikafungwa, na wengine wakamwita mwoga. Jumatatu nilikwenda naye hospitali. Mganga akamwanzishia mazoezi, akamwambia arudi baada ya majuma 4, ndipo waamue pamoja.

Nanyi wainjilisti, mkimwona kijana wa usharika akichechemea, msimwite mvivu, wala msimharakishe. Mpelekeni kwa waganga. Walio wa mifupa hawako mbali nasi, maana hospitali ya KCMC iko Moshi tangu mwaka 1971. Kisha ketini naye katika miezi ile mirefu ya mazoezi, wakati uwanja umemsahau. Hapo ndipo atakapojua kama tulimpenda yeye, au tulipenda miguu yake.