Mto Mmoja, Majina Matatu

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Yachukuacho mkondoni ni jambo jingine, na ndipo lilipo swali: je, mkulima wa bara ana deni kwa mvuvi wa pwani asiyemwona wala kumjua?

Katika nyanda za juu za Kenya, karibu na Nairobi, mto huitwa Athi. Ukikutana na Tsavo huwa Galana. Ukiingia baharini, kaskazini ya Malindi, huwa Sabaki. Kila jina lina watu wake, na ni rahisi kudhani kuwa mto huishia pale jina linapokoma.

Mvua haijui majina. Huuchukua udongo wa ardhi iliyovuliwa miti, ikautia mtoni pamoja na chembe za metali zilizomo: chuma, manganisi, bariamu. Udongo ukikutana na maji ya chumvi, sehemu ya bariamu hubanduka na kuyeyuka. Hapo tumbawe huitwaa, likaijenga katika mifupa yake mahali pa kalsiamu, tabaka baada ya tabaka, mwaka baada ya mwaka.

Mnamo 2007 wanasayansi walichapisha walichokisoma ndani ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bariamu yake ilizidi kupanda: walowezi wa Kiingereza walikuwa wakifungua mashamba bara, na watu wakizidi kuielemea ardhi.

Yaweza kujibiwa kwamba aliyelima hakukusudia kudhuru. Hoja hii ina haki yake. Tena mto si adui: chuma kidogo ni chakula cha mimea midogomidogo ya baharini, ambayo samaki huitegemea. Kosa ni kuzidisha, hata tope likaziba mwanga unaohitajiwa na matumbawe.

Lakini kutokusudia ni udhuru wa asiyejua. Aliyekwisha kujua hanao tena. Wala deni halilingani. Aliyetwaa bonde zima hawi sawa na aliyesukumwa akalime mteremkoni kwa kukosa pengine.

Mafundi wa kale wa pwani walichonga mihrabu kwa jiwe la matumbawe. Jiwe la jinsi hiyo sasa limekuwa daftari, na deni la bara limo humo, mwaka kwa mwaka.