Chungu cha Ashura



Waturuki wana chakula kitamu wakiitacho aşure, jina lililotokana na Ashura, tarehe 10 Muharram. Ngano huchemshwa mpaka ilainike, ikatiwa dengu, maharage meupe, sukari, zabibu kavu na tini. Juu hunyunyiziwa mdalasini, jozi na punje za komamanga. Wenyewe husimulia kwamba safina ya Nabii Nuhu (a.s.) ilipotua, akiba ilikuwa imebaki kidogo kidogo ya kila aina, basi ikapikwa yote katika chungu kimoja.

Kisa hicho cha chungu hakimo katika Qur'ani. Kilichothibiti kwa Mtume (s.a.w.) siku hiyo ni saumu, basi tusikifanye chakula kuwa ibada ya Ashura. Lakini tazameni wanavyokila: mabakuli hupelekwa kwa majirani, mlango hadi mlango. Na hilo lina asili, kwani Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani zake.

Sisi hapa bwenini tukipika maharage tunafunga mlango. Mwenzetu wa chumba cha pili, tangu jana, anakunywa chai kavu.