Mahali pa Kwale

Kawangware ni jina la ndege. Kwa Kigikuyu ngware ni kwale, yule ndege wa nyasini anayependa kukimbia kuliko kuruka, na ambaye ukimkaribia mno huchomoka mbele ya miguu yako kwa kishindo cha mbawa hadi moyo ukakuruka. Walioupa mtaa huu wa Nairobi jina waliuita mahali pa kwale kwa sababu kwale walikuwapo. Leo ukishuka kwenye matatu ya namba 46 unapokewa na sauti za makanga, mhubiri mwenye kipaza sauti na mashine ya kusaga mahindi. Kwale hayupo.

Nimeishi hapa miaka mingi bila kulifikiria jina hilo, hadi binti yangu alipopewa shuleni kazi ya kutafuta maana ya majina ya mitaa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba, kwani watu waliwala wote?"

Nilimwambia hapana. Wagikuyu wa zamani, wengi wao, waliepuka nyama ya porini, na ndege hawakuwa chakula chao. Mwiko ulimlinda kwale kabla hajalindwa na askari yeyote. Kilichommaliza si mtego, ni kukosa nyasi. Yalikuja mashamba, zikaja nyumba za udongo, zikaja za mabati, sasa zinakuja ghorofa, na kati ya wote waliojenga hakuna aliyeambiwa atafute kibali cha kumhamisha ndege. Mtoto aliridhika, akaandika. Mimi ndiye nilibaki na swali lake, nikilizungusha: ni nani huruhusiwa kuchukua mnyama wa porini, na ruhusa hiyo hutoka wapi?

Jirani yangu wa mlango wa pili kwao ni Butere. Amenisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akitega isindu, ndege mdogo ambaye Waswahili humwita tombo na Wajaluo humwita aluru. Mzee alisimamisha mti mrefu shambani, akaning'iniza juu yake vikapu vidogo vilivyosukwa, kila kikapu na dume wake wa kuitia. Alfajiri madume yale yalianza kuimba, na wenzao waliokuwa wakipita angani wakashuka kwenye majani ambako vitanzi vya nyuzi vilikuwa vimewangoja. Msimu haukupangwa na mtu. Ndege wakipita ulikuwa msimu, wakiisha kupita ulikuwa umekwisha. Na dume aliyejua kuimba vizuri hakuliwa kamwe, hata nyumba ikilala na njaa. "Mzee alikuwa akimlisha mchwa kwa mkono wake," anasema jirani yangu, na huku vidole vyake viwili vinachukua mchwa asiyekuwapo, vinampeleka juu, polepole, kwenye kikapu asichokuwa nacho.

Mwaka 2013 ndege wa jamii hiyohiyo alivuma nchi nzima. Wakenya wakamwita kware, mayai yake yakasifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, na waliotaka kumfuga wakatakiwa kwenda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuomba leseni. Kufikia 2014 bei ya mayai ilikuwa imeporomoka na vizimba vingi vikabaki vitupu. Sikuwahi kufuga. Ninachokikumbuka ni jirani yangu akiwa na karatasi ya maombi mkononi, akinitazama kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, kwani isindu ni wa serikali?"

Swali la mtoto na swali la jirani ni swali moja, na lina historia ndefu katika nchi hii. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit, na baina yao wawili waliangusha wanyama 512. Walikuwa na vibali. Sheria za uwindaji za wakati huo zilikuwa na leseni za madaraja: ya mgeni mwenye uwezo, ya mlowezi, ya msafiri, na idadi ya wanyama walioruhusiwa kwa kila moja. Kwa Mwaata wa nyika ya Tsavo, ambaye baba na babu zake waliishi kwa upinde mzito na mshale wa sumu, leseni ya namna hiyo ilikuwa mbali kama London. Katika miaka ya 1950 ilipoendeshwa operesheni kubwa ya kuwasaka wawindaji wa ndovu Tsavo, wengi waliokamatwa walikuwa Waata. Ndovu aliyeuawa na mwenye karatasi aliitwa nyara. Ndovu yuleyule akiuawa na asiye nayo, muuaji aliitwa jangili. Sisemi kwamba hawakuwa wameanza kuuza pembe za ndovu kwa wafanyabiashara wa pwani, walikuwa wameanza. Nasema mwiko wao, ujuzi wao na hukumu yao juu ya mnyama yupi aachwe havikuulizwa hata siku moja.

Kisha ikaja Mei 1977, na Kenya ikafunga uwindaji wa mchezo. Msimu wa wanyama wakubwa ukafungwa na haujafunguliwa tena. Mwaka uliofuata ikafungwa na biashara ya ngozi, pembe na nyara. Mimi naliunga mkono katazo lile kwa moyo wote. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walikuwa wamebaki kama 16,000 kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe ndani ya Hifadhi ya Nairobi. Nchi iliyofikia hapo haina tena msimu wa kuuza.

Lakini ninalazimika kusema na nusu ya pili. Mwaka 2016 mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walichapisha hesabu ya wanyama wa nyanda zetu tangu 1977, mwaka wa katazo lenyewe. Kwa wastani walikuwa wamepungua kwa asilimia 68. Bunduki ya mtalii ilinyamaza, wanyama wakaendelea kwisha. Waliishia kwenye waya za mitego, kwenye ua wa viwanja, kwenye mbuga zilizojaa mifugo, kwenye nyasi zilizogeuka makazi. Kwa maneno mengine, waliondoka kama kwale wa mtaa wangu walivyoondoka.

Majirani zetu wa Tanzania walichagua njia nyingine. Kwao kuna vitalu vya uwindaji, msimu hufunguliwa Julai, kuna vibali vya wageni na vya wenyeji, na tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori, ili mwananchi anunue nyama ya nyumbu au pofu kwa njia halali. Wako Wakenya wanaowatazama kwa wivu na wako wanaowatazama kwa hofu. Nimewahi kuwa na vyote viwili. Kati ya Septemba 2023 na mapema 2024, ndovu kadhaa dume wenye pembe kubwa waliuawa kwa vibali Enduimet, upande wa Tanzania, ndovu wa jamii inayovuka kutoka Amboseli. Hawakuwa wamefanya lolote ila kutembea. Huku walikuwa na walinzi, na pengine hata majina. Hatua chache kusini wakawa nyara. Kwa karibu miaka 30, tangu tukio kama hilo la 1994, wawindaji walikuwa wameheshimu makubaliano ya kutowagusa ndovu wale. Kilichowalinda upande ule wakati wote huo kilikuwa neno la watu tu, sawa na ule mwiko wa dume aimbaye.

Nikirudi mtaani, kibali ninachokutana nacho kila wiki ni mhuri wa buluu. Kwenye bucha ninaponunua nyama, paja likining'inia dirishani, mwenye bucha huligeuza ili mteja auone wino wa mkaguzi wa mifugo kwenye mafuta. Jumamosi moja nilimuuliza kwa nini hufanya hivyo bila kuombwa. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni. "Watu wanaogopa, Mwalimu," akasema. Wana sababu. Mwaka 2004 shirika la Born Free lilipima nyama kutoka mabucha ya Nairobi, na robo ya sampuli ikawa nyama ya porini, iliyouzwa kama ya ng'ombe au mbuzi. Nyama hiyo hakuna daktari aliyeitazama, na kimeta hakionekani kwa macho ya mnunuzi. Aliyeuziwa swala kwa jina la mbuzi hakuwinda, hakujua, wala hakukubali. Kwa hiyo ninapotetea sheria ya uwindaji, simtetei swala peke yake. Namtetea pia mama wa hapa Gatina anayenunua robo kilo jioni kwa ajili ya watoto wanne.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kama ilivyoandikwa, ilimtaja hata anayewinda ili ajilishe: faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Siku niliyoisoma mara ya kwanza niliufunga ukurasa. Niliwaza mtu mwenye waya mmoja na digidigi mmoja. Kisha nikawaza barabara ya Southern Bypass inavyopita ubavuni mwa Kibera na msitu wa Ngong Road, na reli mpya juu ya nguzo zake, ikikata Hifadhi ya Nairobi kwa kilomita kama sita. Hivyo vyote vilipata vibali. Sitaki waya uruhusiwe. Nataka uzito wa sheria umfikie kila mmoja kulingana na anachokiondoa porini.

Kwetu Kawangware tulipoteza ndege, jina likabaki. Kibera mambo ni karibu hivyohivyo. Wanubi humwambia yeyote anayewauliza kwamba Kibra kwa lugha yao ni msitu. Wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya jeshi iliyokuwa ekari 4,197, na kila askari alikaa kwa hati ya shamba, yaani kwa kibali. Msitu ule ulikuwa na wanyama. Hajja mmoja wa Makina, hapo Kibera, rafiki wa marehemu mama yangu, alinisimulia akiwa anasuka tabaga, kifuniko cha chakula cha ukili wa rangi, kwamba bibi yake aliwakataza watoto kwenda mtoni jua likizama kwa sababu ya fisi. Nilimuuliza kama wazee wao waliwinda. Hakuinua macho. Akauvuta ukili mwekundu, akaukaza kwa ukucha wa kidole gumba, akasema: "Mwanangu, sisi wenyewe tulikuwa hapa kwa ruhusa. Mwenye kukaa kwa ruhusa hapigi makelele msituni."

Juni 2017 jamii yake ilipewa hati ya kumiliki ekari 288. Karne nzima ya kukaa kwa kibali, na fungu lililobaki ni hilo. Tangu siku ile siwezi kuwaza sheria za wanyama bila kumwaza yeye. Mnyama wa hifadhini naye anakaa kwa ruhusa, na ua wake unaweza kusogezwa kama ulivyosogezwa wa Hajja. Februari 2016 simba walitoka hifadhini, na kukawa na taarifa kwamba walionekana Kibera. Watu walifunga milango ya mabati, wakangoja. Wale simba hawakumdhuru mtu, wakarudi. Wiki chache baadaye, mwezi wa Machi, simba mwingine aliyetoka, waliyemwita Mohawk, alipigwa risasi Isinya.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali ihifadhi maliasili na ihakikishe kwamba faida yake inagawanywa kwa haki. Ni agizo moja lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza tumeijengea ua, bunduki, mahakama na faini. Ya pili, mtoto wa Laini Saba, Kibera, anayesikia ndege ya watalii ikipita juu ya paa lake hajaiona bado, na kati ya kitanda chake na hifadhi ya simba kuna mwendo mfupi tu wa gari. Wapo niwajuao waliomaliza darasa la nane wakimjua twiga kwa picha ya daftari. Kumwambia mtu asiguse ni halali kabisa. Lakini kumwambia asiguse, na wakati huohuo asione, asipite, asipate kazi wala fungu, ni kumfundisha kwamba mnyama ni adui yake. Na mnyama aliyefanywa adui halindwi na askari wowote wale.

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu msitu wa Ngong Road. Langoni tulilipa, akapewa tikiti yake mwenyewe, akaisoma mbele na nyuma. Tulitembea kama saa moja. Magari ya Bypass yalisikika muda wote, kama mto. Kwenye kona yenye nyasi ndefu kitu cha kahawia kilikatiza njia mbio, kimeinama, kikafuatwa na vingine viwili vidogo. Alinishika mkono, akanibana.

"Ndio wao?" akanong'ona.

Nikamwambia ndio. Tukasimama palepale hadi nyasi zikatulia, naye tikiti imekunjamana mkononi.