Msiache Mabua Yamesimama

Wajukuu wangu mnaolima pembezoni mwa Lubumbashi, upande wa Kipushi na wa Kasenga, mkishavuna mahindi mnasema kazi imekwisha. Mabua mnayaacha yasimame mpaka mvua irudi. Hilo ndilo linaloniumiza, maana bukari yetu, yaani ugali, inategemea mno unga unaopita Kasumbalesa, na kila Zambia inapofunga mpaka tunalala njaa.

Adui yenu analala ndani ya mabua hayo. Ni nondo ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Jike huruka usiku na kutaga mayai katikati ya shina na ala ya jani. Baada ya wiki moja hivi funza huanguliwa, hupanda hadi kwenye moyo wa mhindi na kula majani machanga. Jani likikunjuka, utaona matundu yamepangana mstari. Kagueni wakati huo, kwa sababu akishapenya ndani ya shina, dawa ya kunyunyizia haimfikii tena.

Msimchanganye na kiwavi jeshi vamizi, aliyeonekana Afrika mwaka 2016 akitokea Amerika. Yule ana alama kama Y iliyopinduliwa usoni, na hugeuka pupa ardhini. Ninayoshauri hapa hayamhusu.

Huyu wetu hupitisha kiangazi chote akiwa funza, amejificha chini kabisa ya bua kavu au kwenye kisiki chake, hata miezi sita. Mvua za kwanza zinapomlowesha, hugeuka pupa, kisha nondo hutoka na kukuta mahindi yenu machanga yanamngoja. Ndiyo maana ninasema shamba la mwaka ujao linaokolewa mwezi wa tano na wa sita.

Kateni mabua chini kabisa, ng'oeni visiki, mvitandaze vyote juani wiki nne. Joto huwaua wengi. Mimi sipendi kuchoma kila kitu, maana udongo wetu mwekundu unahitaji hayo masalia. Mabua ya uzio na ya kuni nayo yapite juani kwanza. Na ongeeni na majirani msafishe pamoja, mpande pamoja mvua inapoanza, kwa kuwa mahindi yaliyochelewa ndiyo yanayoliwa zaidi na kizazi cha pili. Aliye mgonjwa au mjane asiye na mtu wa kumsaidia, anzeni na shamba lake.