Mkalimani Alikuwa Mpwa Wake

Tuseme ni mfugaji wa Merti, kaunti ya Isiolo nchini Kenya, Mborana wa makamo mwenye mbuzi na ngamia wachache. Alijua ana VVU, na ARV zake, ambazo hospitali za umma hutoa bure tangu 2006, alizichukua Isiolo mjini. Huko Merti watu wanajuana mno. Ukionekana kwenye mlango wa kliniki ya VVU, habari hufika kisimani kabla yako. Kwa hiyo alidandia lori la mifugo, akashuka Isiolo kama mtu aliyekuja kuuza mbuzi.

Kisha kikohozi kikamshika, naye akaingia kituo cha afya cha hapo Merti. Muuguzi alikuwa mgeni asiyejua Kiborana, na Kiswahili cha mzee ni cha kupatana bei tu. Akaitwa kijana aliyekuwa nje aje kutafsiri. Kumbe ni mpwa wake.

"Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?"

Mzee alimtazama mpwa, wala si muuguzi, akasema hakuna. Akaombwa apimwe VVU, akakataa. Muuguzi akaandika alichoambiwa.

Makohozi yalionyesha kifua kikuu, akapewa dawa za miezi sita. Ndani yake mna rifampisini, ambayo hulifanya ini liivunje haraka dolutegraviri, ARV iliyoenea Kenya tangu 2018. Mgonjwa anayetumia zote mbili humeza dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Ni kidonge kimoja tu cha ziada, lakini nani angempa? Isiolo hawakujua habari ya kikohozi, Merti hawakujua habari ya ARV.

Mvua nazo zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Mifugo ikasogezwa malisho ya Yamicha, baadaye ya Kom, na dawa zikamwishia huko. Vitabu vya kliniki zote mbili vikaandika kwamba amepotea. Amepotea wapi? Wazee wa dedha, wanaopanga malisho, walijua hata mti anaolala chini yake! Alipozidiwa, alirudishwa kwa pikipiki, amefungwa shuka kiunoni pamoja na dereva asianguke.

Muuguzi simlaumu. Sheria ya mwaka 2006 inalinda siri ya mwenye VVU, lakini mpwa hakula kiapo chochote. Mzee alihitaji mhudumu wa afya anayejua Kiborana na asiye wa ukoo wake, dawa za miezi kadhaa kabla ya kuhama, na simu moja kati ya Merti na Isiolo.

Tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, Kenya imeharakisha kuziingiza huduma za VVU katika kliniki za kawaida. Mlango mmoja kwa wote utamsitiri mzee wetu, na hilo naliunga mkono. Ila atakayetafsiri ndani ya mlango huo sharti awe kwenye orodha ya mishahara ya kaunti, asiwe kijana aliyeokotwa kwenye foleni.