Ndizi ya Dirishani

Mwanangu, najua nyumba imepoa tangu dada zako waolewe, na najua ndizi mbivu zinazopotea jikoni haziliwi na panya. Sikukatazi komba wako. Nataka umkirimu kwa adabu.

Chakula chake kiweke dirishani, usimlishe mkononi. Komba ana desturi ya kujikojolea viganja na nyayo, na viganja hivyo ndivyo atakavyokushikia. Tena akishtuka anauma. Akikuuma, usinifiche kwa kuogopa kugombezwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, twende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao.

Wala usimfunge kamba. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali cha kumfuga, lakini hata isingekuwapo ningekukataza.

Huko Wisconsin, Marekani, alikuwapo mtoto aitwaye Sterling North, aliyefiwa na mama akiwa na miaka 7, na baba yake mtu wa safari. Mwaka 1918 akamlea rakuni, mnyama mwenye mkia wa pete na uso kama aliyevaa barakoa. Rakuni ana mazoea ya kuchovya chakula majini. Huyu alipopewa donge la sukari akalichovya, likamyeyukia mkononi, akabaki anapapasa. Urafiki wao ukanoga, mpaka majirani walipochoka kuibiwa mahindi na rakuni akatiwa kizimbani. Mwishowe Sterling alimpakia mtumbwini, akavuka naye maji hadi msituni, akamwacha aende.

Kisa hicho alikiandika kitabuni mwaka 1963, na mwaka 1977 Wajapani wakakifanya katuni. Watoto wakalilia rakuni, wazazi wakanunua. Vile vitoto vilipokua vikawa vikali, watu wakaviachia ovyo. Leo vizazi vyao vinamaliza matikiti ya wakulima na kukwarua nguzo za mahekalu ya kale. Wameipenda hadithi nzima isipokuwa mwisho wake!

Basi komba wako akipotea siku tatu, usitoke na tochi kumsaka. Huenda maembe yameiva kwa jirani, au yuko juu ya mnazi, kichwa ndani ya kibuyu cha mgema. Weka ndizi, ukalale. Nami kesho nitafunga duka kabla ya magharibi. Lile bao letu liko uvunguni mwa kitanda changu. Lifute vumbi, uhesabu kete kama zimetimia.