Vijana Wetu na Safari ya Kujifunza Kazi Ng'ambo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu tumeulizwa mara nyingi: Je, yafaa kijana aliyehitimu, au aliye bado masomoni, kusafiri nchi za nje ili ajifunze kazi kwa vitendo? Na wenye kuuliza ni mafungu mawili. Wako wakhofuo ya kuwa kijana akivuka bahari ataipoteza dini yake, basi humfungia mlango. Na wako waonao kuwa kila palipotajwa Ulaya au Arabuni pana kheri, basi huuza hata kiwanja cha urithi wakampa fedha dalali wasiyemjua. Sisi twasema: wote wawili wamekosa njia. Wa kwanza wamezuia lililo halali, na wa pili wameacha kuuliza.

Elimu ya kitabuni yahitaji mkono. Aliyesoma ufundi wa mitambo naye hajapata kushika mtambo ni kama aliyehifadhi namna ya kuogelea akiwa amekaa barazani. Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili. Mtu hakuwa nahodha kwa kuzijua nyota tu. Alipanda chomboni angali mdogo, akapika, akafua maji ya ngama, akafundishwa kushika usukani, akenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Na safari ile ilikuwa na msimu wake: aliyeondoka alijua aendako, afanyalo, na wakati wa kurejea kwao.

Tuitazame khabari ya Nabii Musa, amani iwe juu yake. Alitoka Misri akiwa kijana, hana mali wala mwenyeji, akafika Madyan, akawanyweshea wanyama wao mabinti wawili waliokuwa wakingoja kisimani. Baba yao alipomwita, binti mmoja alishauri aajiriwe, kwani ni mwenye nguvu tena mwaminifu. Yule mzee hakumwambia, 'Anza kazi, mengine tutaonana.' Alimtajia muda, nao ni miaka minane. Akamtajia ziada, kuwa akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Akamtajia badili, nayo ni kuozwa mmoja wa mabinti wale. Akamwahidi kuwa hatamtia mashakani. Musa akakubali kwa sharti kuwa muda wowote atakaoutimiza asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Ilipotimia ahadi alisafiri na ahali zake, na njiani ndipo alipoitwa na Mola wake. Zingatieni, ndugu zetu: mambo yote haya yalisemwa kabla ya kazi kuanza.

Leo milango ipo. Tangu mwaka 1948 iko jumuiya iitwayo IAESTE, iliyoasisiwa London, ambayo kwayo wanafunzi wa sayansi na ufundi hupelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika nchi nyingine kwa wiki kadhaa au miezi, wakapewa malipo ya kujikimu. Ujerumani nako kuna mpango uitwao Ausbildung. Kijana hugawanya wakati wake baina ya skuli na mahali pa kazi kwa miaka 2 hadi 3 na nusu, na hulipwa posho kila mwezi. Lakini sharti ajue Kijerumani kabla ya kupewa viza, kwa kawaida kiasi cha daraja iitwayo B1.

Na tarehe 13 Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya uhamiaji wa kazi huko Berlin. Papo hapo ikaenea khabari kuwa Wakenya wamewekewa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mapatano yale hayana hesabu yoyote iliyotengwa, na kila aombaye hana budi kutimiza masharti ya sheria yao. Dini yetu imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukajuta. Basi mzazi auzaye kiwanja kwa uvumi wa barazani amepoteza mali, na ameasi amri.

Kwa hivyo twawausia mambo matatu. La kwanza: kijana aseme ni ujuzi gani aufuatao, na kwa muda gani. Asiyejua alifuatalo, wengine watamchagulia. La pili: pawe na maandishi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandikiana hata deni la muda, sembuse miaka ya umri wa mtoto? Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi ya nje utiwe sahihi na pande zote mbili, na ushuhudiwe na afisa wa kazi, baada ya kuhakikisha kuwa mfanyakazi ameyafahamu masharti wala hakudanganywa. Dalali akwambiaye kuwa hayo ni kupoteza wakati, mkimbie. La tatu: kijana asende kufanya kazi kwa viza ya matembezi, wala asikubali kunyang'anywa pasi yake, kwani mtu asiye na hati mkononi hana pa kulalamikia.

Ama wakhofuo juu ya dini, twawaambia: khofu yenu ina asili, lakini dawa yake si kufuli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija akiwa na umri wa miaka kama 25, na aliporejea, Maysara aliyefuatana naye alimsimulia Bibi wake tabia njema aliyoiona safarini. Uaminifu wake haukuanzia Sham. Alitoka nao Makka. Vivyo hivyo mtoto wetu: atakalolichukua kutoka nyumbani kwake ndilo litakalomlinda ugenini. Tumfunze sala, ukweli na kutimiza ahadi angali mikononi mwetu, na akiondoka tumuulizie msikiti ulio karibu na kazini kwake kama tumuuliziavyo mshahara.

Enyi wazazi, mtoto ni amana. Msimzuie kheri kwa khofu, wala msimtoe kwa tamaa. Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu waendako, awarejeshe na elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.